Twende Kigoma Desemba, au tungoje kiangazi?

Swali la msomaji:

“Tunaishi Tabora mjini. Mume wangu hupata likizo mwezi Desemba tu, na watoto wetu wawili, wa miaka 9 na 16, wana hamu ya kuliona Ziwa Tanganyika. Mama mkwe wangu, mwenye miaka 70 na magoti yanayomsumbua, naye amesema hatabaki nyumbani. Jirani yangu aliyewahi kukaa Kigoma ananiambia tutapoteza nauli, kwa kuwa mambo ya Kigoma ni ya Juni hadi Agosti, na wakati wa mvua hakuna la kufanya ila kukaa chumbani kuhesabu matone. Wengine wananitisha kwa kichocho na mamba. Je, twende Desemba au tungoje mpaka mume wangu apate likizo ya kiangazi?”

Jibu:

Dada yangu, swali lako nimelisoma mara mbili, kwa sababu ndani yake mna maswali matatu yaliyofungwa kwa kamba moja: la mvua, la usalama wa maji, na la namna ya kuwaridhisha watu wa nyumba moja ambao mmoja ana miaka 9 na mwingine ana 70. Jibu langu la mkato ni kwamba njooni Desemba, ila msiipange safari yenu kama ambavyo mngeipanga Julai. Nimewatembeza wageni katika mwambao huu kwa miaka mingi, nami nimekwisha kuona kwamba mgeni anayerudi kwao akilalamika mara nyingi hakukosea mwezi wa kuja. Alikosea saa ya kutoka nje.

Nianze na jirani yako, ambaye hakudanganya bali alisema nusu. Ni kweli kwamba mvua zetu ni za msimu mmoja, ambazo kwa kawaida huanza kati ya Oktoba na Novemba na kuisha kati ya Aprili na Mei, na kwamba Juni hadi Agosti hainyeshi. Lakini watu wengi huchukulia kwamba mahali pasiponyesha ziwa nalo hutulia, na hapo ndipo wanapokosea. Ziwa hili lina urefu wa kilomita zipatazo 670 kutoka kusini hadi kaskazini, na upana wake mbele ya mji wa Kigoma ni kama kilomita 50 tu, kwa hiyo limekaa kama mfereji mrefu kati ya kuta mbili za milima. Kuanzia Mei hadi Septemba pepo za kusini-mashariki huvuma na kupata nafasi ya kukimbia juu ya maji kwa mwendo mrefu bila kizuizi, na wimbi, kama ujuavyo, hukua kadiri upepo unavyopata masafa. Nimewahi kuwa na wageni wa Julai waliokaa siku mbili mjini wakilitazama jua zuri kabisa huku nahodha akikataa kung’oa nanga. Desemba pepo hizo za kudumu huwa zimelegea. Kinachobaki ni dhoruba za mvua, ambazo ni kali lakini ni za muda mfupi, na mara nyingi huonekana zikija kwa mbali, kwani wingu hujikusanya mbele ya macho yako kabla ya kukufikia.

Dhoruba hizo mara nyingi huzaliwa joto la mchana linapokuwa limekwisha kuipandisha hewa yenye unyevu, kwa hiyo alasiri na usiku ndiyo saa za kuziogopa zaidi, na asubuhi ndiyo saa ya kuitumia. Siyo sheria isiyovunjika. Ziko siku ambazo mvua huanza alfajiri na kukaa, na siku kama hiyo mtapaswa kuikubali. Hata hivyo familia inayoamka mapema, ikawa majini au safarini kabla ya saa 2 asubuhi na kurudi nchi kavu kabla ya saa 7 mchana, itapata sehemu kubwa ya kile ilichokuja kukitafuta. Mkisikia ngurumo, hata kama jua bado linawaka pale mlipo, tokeni majini mara moja na msijikinge chini ya mti ulio peke yake ufukweni.

Tena masika, yaani msimu wetu huu wa mvua, yana zawadi moja ambayo wenyeji huisahau kuitaja. Kiangazi hewa yetu hujaa vumbi na moshi wa mbuga zinazochomwa moto, hata milima ya Kongo ng’ambo ya ziwa hupotea kabisa, na mgeni anaweza kukaa juma zima akidhani anatazama bahari isiyo na mwisho. Mvua ikishaiosha hewa, milima hiyo husimama wazi, mkunjo kwa mkunjo, na kwa kuwa Kigoma inatazama magharibi, jua huzama nyuma ya milima hiyo. Hilo mama mkwe wako atalifaidi akiwa amekaa kwenye kiti, bila kupanda ngazi hata moja.

Sasa tuje kwenye maji yenyewe. Joto la maji ya juu hubadilika kidogo sana, likibaki karibu nyuzi 24 hadi 28 mwaka mzima, kwa hiyo mtoto hatatetemeka Desemba zaidi ya vile angetetemeka Agosti. Pengine Agosti ndiyo ingemtetemesha, kwa ajili ya upepo. Mahali wanapopendelea wageni ni ufukwe wa Jakobsen, upande wa Katonga, kusini-magharibi mwa mji, ambako kuna mchanga, miamba na maji yanayoonyesha hadi chini. Mnunulie au mwazimie mwanao mkubwa miwani ya kuogelea pamoja na mrija wa kupumulia, kisha mwache ainamishe uso majini pembezoni mwa miamba. Atawaona samaki wadogo wa rangi za manjano, buluu na michirizi, ambao ni wa jamii ya sato na perege, na wengi wao hawapatikani popote duniani isipokuwa katika ziwa hili. Wako wanaotunza vifaranga vyao kinywani, na wako wanaoishi ndani ya makombe matupu ya konokono. Katika masika maji hupata tope karibu na midomo ya mito, lakini miamba iliyo mbali na mito hubaki na maji safi.

Hatari ninayoihofia zaidi kwa ajili ya mtoto wako wa miaka 9 ni moja ambayo hukuitaja, nayo ni kina. Ziwa Tanganyika limekaa katika Bonde la Ufa, na kina chake kinafika kama mita 1,470, kikizidiwa na ziwa moja tu duniani. Kwa hiyo sehemu nyingi ardhi haiteremki polepole kama ilivyo kwenye bwawa, bali hatua kumi kutoka ukingoni mguu unaweza kukosa pa kukanyaga. Msitegemee kwamba ufukweni mtamkuta mwokoaji. Mtu mzima anayejua kuogelea awe ndani ya maji, upande wa kina, mtoto akiwa kati yake na nchi kavu, na mtu huyo asiwe na simu mkononi. Jambo jingine ni kwamba usawa wa ziwa umepanda sana katika miaka ya karibuni na kumeza sehemu za fukwe na miundombinu ya ukingoni, kwa hiyo picha ya ufukwe mpana aliyonayo jirani yako huenda ni ya zamani. Katika mwaka wa kawaida maji huwa juu kabisa mwishoni mwa mvua, karibu Aprili na Mei, na huwa chini Oktoba na Novemba. Kwa upande huo mchanga wa Desemba una nafasi zaidi kuliko wa Mei.

Kuhusu kichocho, waliokutisha hawakuzua, ila ni vizuri ujue kinavyofanya kazi ili ujue pa kukikwepa. Mtu mwenye ugonjwa huyaacha mayai ya kimelea majini kupitia kinyesi au mkojo. Mayai huanguliwa, na vimelea wachanga huingia ndani ya konokono wa aina fulani, ambamo hukua na kuongezeka kwa majuma kadhaa. Kisha hutoka tena majini, zaidi wakati wa mwanga mkali wa mchana, na huwa na saa kama 24 hadi 48 tu za kumpata mtu wa kumwingia kupitia ngozi. Huhitaji kuyanywa maji wala kuwa na jeraha. Sasa konokono hao wanapenda maji yaliyotulia, yenye majani na matete, na mnyororo wote unakamilika pale ambapo watu wengi wanaoga, wanafua na kujisaidia karibu. Ndiyo maana hori tulivu lenye majani mbele ya kijiji, ambalo mama mwenye mtoto huliona kuwa ndilo salama kwa sababu halina mawimbi, ndilo lenye hatari kubwa zaidi, ilhali ufukwe wa mchanga na miamba unaopigwa na mawimbi mbali na makazi una hatari ndogo. Sisemi kwamba hauna kabisa. Kujifuta haraka kwa taulo hakudhuru, lakini usikutegemee, kwani kimelea hupenya katika dakika chache.

Watu wengi hungoja kuona damu kwenye mkojo. Kichocho kilichozoeleka zaidi katika ziwa hili ni cha tumbo, ambacho dalili zake ni maumivu ya tumbo, kuhara na wakati mwingine damu kwenye choo, na mara nyingi hakina dalili yoyote mwanzoni. Kwa hiyo mkishaogelea, rudini Tabora, ngojeni kama miezi miwili, kisha nendeni kituo cha afya mkapimwe choo na mkojo, mkimweleza mganga kwamba mliogelea Ziwa Tanganyika na lini. Mkipima juma moja baada ya safari mtapata jibu la kuwafariji bure, kwa sababu minyoo huwa haijaanza kutaga mayai. Dawa yake, prazikwanteli, inafahamika na inafanya kazi vizuri. Lakini yeyote kati yenu akipata homa, vipele vinavyowasha au kikohozi katika majuma ya kwanza baada ya kuogelea, asingoje miezi miwili. Na kwa homa yoyote kipindi hiki cha mvua, apimwe malaria siku hiyohiyo. Laleni ndani ya chandarua na mnywe maji yaliyochemshwa, kwa sababu mvua huosha uchafu na kuupeleka kwenye vyanzo vya maji.

Mamba wapo. Wanapenda zaidi midomo ya mito na matete, kama kule Luiche kusini mwa Ujiji na Malagarasi mbali zaidi, ambako sitamshauri mtu yeyote aogelee mwezi wowote. Kabla ya kuvua viatu mahali msipopajua, waulizeni kina mama wanaofua pale. Wao ndio wanaojua kama kumeonekana kitu juma hili, na hawatawaficha. Yuko pia nyoka wa majini, aina ya swila, anayekula samaki na kupenda miamba. Mkimwona mwacheni apite, naye atapita.

Gombe umeiacha pembeni katika swali lako, lakini najua watoto watakuuliza. Hifadhi iko kaskazini mwa mji, kama kilomita 16, na hufikiwa kwa boti tu. Jane Goodall, aliyefariki Oktoba 2025, alifika pale tarehe 14 Julai 1960 kuwachunguza sokwe, na mahali penyewe pakawa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Mwanao wa miaka 9 hataruhusiwa kuwafuata sokwe, na msijaribu kumwombea. Sokwe wamekaribiana nasi mno kimaumbile hata maradhi yetu yanawapata. Mwaka 1966 ugonjwa wa kupooza, polio, uliwaua na kuwalemaza baadhi yao hukohuko Gombe. Kwa sababu hiyohiyo mtu mwenye mafua hukataliwa, na wageni wote hutakiwa kukaa umbali wa mita kadhaa.

Hapa mvua ina sura mbili. Njia za mlimani huteleza, nyasi huwa ndefu, na picha hutoka na giza. Anayekuja kwa ajili ya kamera ni heri aje kati ya Julai na Oktoba. Kwa upande mwingine, sokwe huwa hawatembei mbali sana wakati wa mvua, kwa hiyo wakati mwingine hupatikana kwa mwendo mfupi kuliko kiangazi. Kwa hali yenu, ningewagawa: baba na mtoto wa miaka 16 waende na mwongozaji, nawe, bibi na mdogo mbaki mjini. Mama mkwe asiende Gombe. Kupanda na kushuka kwenye boti mara nyingi ni kwa kukanyaga maji na kuruka ukingo, na magoti ya miaka 70 hayana haja ya adhabu hiyo. Boti za abiria zinazoondoka mwalo wa Kibirizi ni za bei nafuu, lakini hujaa na huenda polepole, na zitawalazimisha hao wawili kulala hukohuko. Boti ya kukodi huchukua kama saa moja hadi mbili na kurudi siku hiyohiyo, kwa gharama kubwa zaidi. Vyovyote mtakavyochagua, pitieni kwanza ofisi ya hifadhi mjini mkathibitishe ada na umri kwa macho yenu, na asiingie mtu botini bila jaketi okozi linalomkaa mwilini. Nahodha akisema leo haendi, msimbembeleze wala msimwongezee fedha.

Siku hiyo ninyi mtakaobaki nendeni Ujiji, na hapa, niseme wazi, ndipo ninapoona familia ya Tabora ina bahati kuliko mgeni kutoka Dar es Salaam. Makumbusho ya Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi Mskoti, yapo Ujiji, mahali ambapo Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta, alimkuta tarehe 10 Novemba 1871 chini ya mwembe. Miembe iliyopo sasa inasemekana imetokana na ule wa kwanza. Wakati huo mvua zilikuwa zimeanza, lakini watu hao wawili hawakukaa chumbani kuhesabu matone. Walichukua mtumbwi kwenda ncha ya kaskazini ya ziwa, wakahakikisha kwamba mto Ruzizi unaingia ziwani badala ya kutoka, wakarudi Ujiji katikati ya Desemba. Mwishoni mwa mwezi huo walianza safari ya kwenda kwenu Unyanyembe, wakafika Februari 1872, na nyumba aliyokaa Livingstone iko Kwihara, mwendo mfupi tu kutoka mlangoni kwako. Wapelekeni watoto Kwihara kabla ya kupanda treni. Kisha wakifika Ujiji watakuwa wameshika ncha zote mbili za njia ile, ambayo pia ndiyo njia waliyoswagwa watumwa na kubebeshwa pembe za ndovu hadi Bagamoyo. Mama mkwe anaweza kuketi kivulini muda wote huo. Teremkeni pia hadi ufukweni mkawatazame mafundi wa mitumbwi wakichonga na kuziba mbao. Maembe hayatawapungukia, ingawa sina haja ya kumfundisha mtu wa Tabora habari za maembe.

Mvua ikiwakuta mjini, stesheni ya Kigoma iliyojengwa na Wajerumani inatosha kwa nusu saa. Reli ilifika hapa mwaka 1914, na ndiyo hii itakayowaleta kwa mwendo wa kama kilomita 400 kutoka kwenu. Soko la Mwanga lina vitenge na mawese. Liemba, meli iliyounganishwa hapahapa Kigoma na Wajerumani, ikazamishwa mwaka 1916 na kuibuliwa mwaka 1924, msiipangie safari bila kuulizia bandarini kama inasafiri. Na Mahale, yenye sokwe na mlima Nkungwe wa mita 2,462, iko zaidi ya kilomita 100 kusini. Kwa siku chache na mtoto wa miaka 9, iacheni.

Jambo la mwisho litawasaidia kuchagua tarehe. Wavuvi wa dagaa huenda usiku na taa, zamani karabai na siku hizi zaidi za umeme wa jua, kwa sababu dagaa hufuata mwanga. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa hazina nguvu, na wengi hubaki nyumbani. Kwa hiyo angalieni kalenda, mje wakati wa giza. Mtaketi mlimani baada ya chakula na kuona mamia ya taa yametapakaa ziwani kama mji mwingine, jambo ambalo mtu wa Julai anaweza kulikosa kabisa, kwani mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaane. Asubuhi nendeni mwalo wa Kibirizi au Katonga mkale samaki waitwao migebuka, waliovuliwa usiku uleule.

Ila mtakaponunua dagaa wakavu wa kupeleka Tabora, kuweni waangalifu kuliko mnunuzi wa kiangazi. Dagaa huhitaji jua la siku nzima, na mvua ikiwakuta kwenye mchanga au kichanjani huanza kuoza kabla ya kukauka, kisha huanikwa tena na kuuzwa kama kawaida. Shika kiganja kimoja, vunja mmoja: aliyekauka vizuri huvunjika kwa mlio na rangi yake hung’aa kama fedha, na yule aliyenyeshewa hupinda na kunuka. Mruhusu mama mkwe achague yeye.